Wageni maji ya kuchemsha, mzawa ya mtoni: nilivyopanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame na kampuni moja ya Moshi

Nilikusudia kuwapa nyota nne. Wapagazi wao ni watu wa kazi kwelikweli, hema halikuvuja, na uji wa asubuhi pale kambi ya Shira bado nautamani. Ila nikikumbuka Karanga, damu inachemka.

Kwa wasiojua, bonde la Karanga ndipo mahali pa mwisho pa kuchota maji kwa njia ile. Kambi ya Barafu haina mto, kila tone linapandishwa kwa mabega ya wapagazi. Na chupa za maji za kutupa haziruhusiwi mlimani, kwa hiyo usiseme utabeba katoni lako kutoka Moshi. Unategemea jiko, basi.

Kundi letu lilikuwa mchanganyiko, Wajerumani na wazawa wachache. Nje ya hema la jiko palikuwa na madumu mawili ya njano, moja limefungwa kitambaa chekundu shingoni. Kijana akawajazia wageni chupa zao kutoka lile la kitambaa, maji yanatoa mvuke. Alipofika kwangu akageukia la pili. Maji ya kuuma meno! Nikainua chupa juani, nikaona vumbi jeusi laini linatua chini taratibu.

Nikamuuliza kiongozi wa msafara. Akacheka mbele za watu: "Dada, wewe si Mmeru? Maji ya barafu haya, yanashinda ya bomba. Wazungu ndio wenye matumbo laini. Halafu huku juu maji hayaivi, tutaunguza gesi bure."

Eti hayaivi! Karibu mita 4,000 maji yanachemka kwenye nyuzi 87 hivi badala ya 100, ni kweli, lakini vijidudu vya kuharisha vinakufa hata kabla ya hapo. Ukishavuka mita 2,000 yaache yatokote dakika tatu, umemaliza. Kama gesi inawauma, si wanunue vidonge vya kutibu maji duka la dawa? Unatia, unasubiri nusu saa, na kwa baridi ile unasubiri zaidi. (Vipo vijidudu vinavyohimili klorini, ndiyo maana mimi ni mtu wa moto.) Na hiyo barafu wanayoisifia, maji yake yanapita kwenye mlima unaokanyagwa na watu kila siku, na si wote wanaofika chooni. Baridi nayo haiui giardia, kijidudu kimojawapo cha kuharisha, inaitunza.

Tena aniite Mmeru! Nimekulia Maji ya Chai mimi, huko huko Meru, Arusha. Maji yetu yana floraidi iliyotupaka meno rangi ya kahawia tangu utotoni, na ile hata uchemshe mpaka sufuria ikauke haitoki. Mtu wa kwetu humdanganyi kwa maji meupe.

Nimelipa bei ya mzawa, sawa. Tumbo halina bei ya mzawa.

Mpishi, mjomba mmoja mtaratibu, tulipofika Barafu aliniita pembeni akanijazia chupa ya yale yaliyochemshwa, akasema, "Kunywa mwanangu, usibishane nao." Mungu ambariki. Kwa ajili yake nilirudi mjini nimeshasamehe, nilishaanza hata kuwaambia wenzangu kampuni si mbaya.

Kisha, wiki na kitu baadaye, nikaanza kucheua harufu ya yai viza. Tumbo linanguruma kama trekta, chooni naenda kwa mbio. Nikapimwa: giardia. Kuapa kwamba ni lile dumu siwezi, lakini muda unaoana, na mjini nakunywa maji ya kuchemsha. Nikaandikia ofisi kwa adabu. Jibu: "Pole sana dada, labda ulikula chipsi stendi." Yaani chipsi zilizotoka kwenye mafuta ya moto ndizo za kulaumiwa, maji mabichi ya mtoni hayana neno!

Nyota mbili basi, moja ya wapagazi, moja ya mjomba. Ofisi haina yake. Wageni nendeni tu, mtahudumiwa vizuri mno. Wazawa, kabla hamjatoa hela ulizeni nani anachemshiwa, na vidonge mfukoni muwe navyo. Ujumbe wangu wa pili niliwauliza kitu kimoja tu, yule kijana nani alimfundisha kugawa maji vile. Una tiki za bluu tangu mwezi uliopita.