HandBrake kwa video za Wasap zinazozingua ukirenda: nyota 4 kati ya 5

Wadau mnaoediti harusi na sendofu mtanielewa haraka. Mteja kaniletea klipu 41, zote za Wasap, kakusanya kwa mashangazi na mabinamu maana mpiga video wake kapoteza memori kadi, kwa hiyo hizo ndo kila kitu kilichobaki. Nikazipanga kwenye taimlaini (ule mstari wa kupangia klipu kwenye programu ya kueditia), zinaplei fresh kabisa, nikarenda, yaani nikaiambia programu iziunganishe ziwe video moja iliyokamilika. Kuja kucheki, dakika ya nne uso wa bi harusi umejaa viboksi vya kijani, MC kashafunga mdomo ndo sauti inafika, halafu kwenye kukata keki kuna fremu (picha moja) ya klipu nyingine inachungulia sekunde hata nusu haifiki inapotea. Nikarenda tena bila kugusa kitu, kijani kimehama, sasa kiko kwa mama mkwe! Hapo nikashtuka, maana klipu ingekuwa mbovu yenyewe kijani kingebaki palepale, kumbe shida ni programu ya kueditia inavyozisoma (jina silitaji, nakula mkate kupitia hiyo hiyo).

Nikafuta kache (mafaili ya muda ya hiyo programu), nikaapdeti draiva ya kadi ya grafiki, wapi. Nikazima ile kusoma video kwa msaada wa kadi ya grafiki, kijani kikaisha kweli ila kurenda kukawa kwa kobe na MC bado anachelewa vilevile.

Ndo nikarudi kwa HandBrake, programu ya kugeuza video kuwa faili jipya la aina unayotaka. Ni ya bure, ipo tangu 2003, inakubali Windows, Mac na Linux. Shida ya klipu zenyewe iko hivi: video iliyobanwa haitunzi kila picha nzima, inatunza moja nzima halafu zinazofuata zinaandika tu kilichobadilika, sasa wewe ukikata katikati programu inabidi irudi nyuma kutafuta ile nzima, kwa kutazama haina neno ila kwa kuediti ni mateso. Juu ya hapo simu haishiki spidi moja ya fremu, ukumbi ukiwa giza inapunguza ili ipate mwanga, wakati taimlaini yako imekariri fremu 30 kwa sekunde mwanzo mwisho. Sauti inaenda zake, picha inaenda zake.

Nilichofanya, nimefungua folda nzima kwa mkupuo, nikachagua priseti (mipangilio iliyoandaliwa tayari) ya Production Standard ambayo imetengenezwa kwa ajili ya kuediti, kwenye Video nikaweka fps (fremu kwa sekunde) 30 na kuhakikisha imesoma Constant Framerate, yaani spidi moja mwanzo mwisho, usiache Same as source, maana hiyo inafuata spidi ya klipu ya mwanzo. Nikazitupa zote kwenye foleni nikaenda kulala. Zile mpya nilivyoziingiza na kurenda, MC na mdomo wake wameelewana, viboksi hamna, na kadi ya grafiki nimeiwasha tena.

Nyota moja nimeinyima kwa sababu mafaili yanavimba balaa, folda ya MB mia tatu na kitu imevuka GB 3, kama diski yako inapumulia juu juu jiandae. Na mwenye mara ya kwanza ule ukurasa wa mbele una vitufe vingi mpaka unaogopa. Halafu jamani msitegemee iwarudishie ubora, Wasap ikishakamua muwa hapa unabaki na makapi yaliyopangwa vizuri, ile michirizi ya ukungu kwenye mashela itabaki. Mwambieni mteja mapema atume kama dokumenti sio kama video, inakuja kama ilivyorekodiwa.

Kupakua nendeni handbrake.fr tu, msichukue popote mnapokutana nayo. Mwezi wa 5 mwaka 2017 hata seva yao moja ya kupakulia iliingiliwa, waliochukua ya Mac siku hizo wakabeba na kirusi, sembuse visaiti vya kuokota.

Kilichonifurahisha kuliko vyote hata sikukitegemea. Saa tisa usiku luku imeisha, kompyuta chali, mimi nimelala fofofo. Asubuhi nimenunua umeme huku moyo unadunda, nafungua HandBrake ikaniuliza kuna kazi hazijaisha kwenye foleni, nizirudishe? Zilikuwa zimebaki sita. Chai haijapoa zimeisha.