Kijivu Kisichogeuka Rangi: Tathmini ya Printa ya Epson SureColor P700

Kwa muda mrefu niliamini kwamba picha nyeusi na nyeupe ndiyo nyepesi kuliko zote kuchapisha nyumbani, kwa kuwa haina rangi ya kukosewa. Niliacha kuamini hivyo nilipochapisha picha ya bibi yangu akiwa ameketi kando ya dirisha, nusu ya uso wake ikiwa kwenye nuru na nusu kwenye kivuli, huku kitambaa cheupe kikiwa kimefunika nywele zake. Printa niliyokuwa nayo wakati huo ilitumia aina nne za wino. Picha iliyotoka ilikuwa na ukijani hafifu nilipoitazama mchana karibu na dirisha, na usiku, chini ya taa, uso uleule ukaonekana kuwa na wekundu. Karatasi haikubadilika, kilichobadilika ni mwanga tu.

Sababu yake si ngumu kueleweka. Printa ya aina hiyo ina wino mweusi mmoja, kwa hiyo kijivu hulazimika kukitengeneza kwa kuchanganya siani (buluu ya kijanikijani), majenta (wekundu wa zambarau) na manjano. Kila wino kati ya hizo huakisi mwanga kwa namna yake, na ndiyo maana mchanganyiko unaoonekana sawasawa chini ya jua huyumba chini ya balbu. Ukiiamuru printa hiyo itumie mweusi peke yake, ukijani utaondoka, lakini vitone vyeusi vitatawanyika mbalimbali juu ya weupe wa karatasi, na sehemu za nuru, kama shavu au mawingu, zitaonekana kana kwamba zimenyunyiziwa mchanga. Tiba ni printa yenye kijivu chake yenyewe ndani ya katriji, na hicho ndicho kigezo nilichokitanguliza nilipochagua SureColor P700.

Printa hii ilitolewa mwaka 2020 na huchapisha hadi ukubwa wa A3+, yaani karatasi yenye upana wa inchi 13. Ina aina 10 za wino, na kwa mpenzi wa picha nyeusi na nyeupe nne kati ya hizo ndizo zenye uzito: mweusi wa karatasi zinazong'aa, mweusi wa karatasi zisizong'aa, kijivu na kijivu chepesi. Kila mweusi una matundu yake kwenye kichwa cha printa, hivyo mtu anaweza kutoka karatasi ya aina moja kwenda nyingine bila kusubiri wino ubadilishwe na bila kupoteza wino katika mabadiliko hayo, jambo lililokuwa kero katika printa nyingi zilizotangulia. Wino wote ni wa pigmenti, yaani chembe ndogo ngumu za rangi, ambazo kwa kawaida hustahimili mwanga kwa muda mrefu kuliko wino ambao rangi yake imeyeyushwa ndani ya majimaji.

Hata hivyo, kuwa na vijivu hakutoshi ikiwa printa haikuambiwa ivitumie. Ndani ya mipangilio yake kuna hali iitwayo Advanced B&W, na kwa maoni yangu hiyo peke yake inatosha kuwa sababu ya kuichukua mashine hii. Ukiiwasha, picha hujengwa karibu yote kwa mweusi na vijivu viwili, na wino wa rangi huongezwa kwa kiasi kidogo sana ili kuielekeza toni upande unaoutaka: isiyoegemea popote, ya ubaridi, ya uvuguvugu, au ya kahawia kama picha za zamani. Namshauri yeyote anayeanza achague ile isiyoegemea popote, aichapishe picha moja, na aitazame chini ya taa mbalimbali kabla ya kugusa kitu kingine. Aidha, ahakikishe kwamba usimamizi wa rangi ameuacha mikononi mwa printa, kwa sababu programu ya kuhariri picha na printa zikisahihisha zote mbili kwa pamoja, vivuli huzama na kuwa doa jeusi lisilo na maelezo yoyote ndani yake.

Nilipochapisha tena picha ya bibi kwa njia hiyo, mikunjo ya kitambaa ilionekana mmojammoja, na upande wa uso ulio kivulini ukawa na jicho ambalo katika chapa ya kwanza halikuwapo kabisa. Niliizungusha chapa hiyo kutoka chumba hadi chumba kutwa nzima, na kijivu kilibaki kijivu.

Karatasi huamua mengi, pengine kuliko wengi wetu tunavyodhani. Uzito wa mweusi hupimwa kwa namba, na namba ikiwa kubwa mweusi ni mzito zaidi: karatasi nzuri isiyong'aa hufika takribani 1.6 au 1.7, ilhali karatasi ya barita, ambayo chini ya utando wake unaopokea wino ina tabaka la salfeti ya bariamu, huweza kuvuka 2.3. Tofauti hiyo huonekana kwa macho, kwani picha ya usiku au ya ngozi nyeusi iliyopigwa katika mwanga mdogo hupata kina kwenye barita ambacho karatasi isiyong'aa haiwezi kukitoa. Kwa karatasi zinazong'aa, printa hii ina pia hali ya Carbon Black, ambayo hupitisha kijivu chepesi juu ya maeneo meusi ili kuuongeza uzito wao na kupunguza mng'ao wa shaba unaojitokeza picha inapoinamishwa. Pamoja na hayo, kwa picha ya uso wa mzee bado napendelea karatasi ya pamba isiyong'aa, kwa kuwa haina mwako wa kuzuia macho, na ile isiyotiwa kemikali za kung'arisha weupe haipotezi weupe wa kuazima miaka inavyopita.

Lawama nyingi zinazotupiwa printa kwamba imetoa picha ya giza zinastahili kwenda kwa skrini. Skrini nyingi huwekwa na mwanga mkali mno, na macho hudanganyika kwamba kivuli kina maelezo ya kutosha. Punguza mwanga wake hadi kati ya kandela (kizio cha ukali wa mwanga) 80 na 100 kwa mita ya mraba, kisha chapisha kipimo cha ngazi 21 za kijivu, kuanzia nyeupe hadi nyeusi, uone ni ngazi ngapi za mwisho zimeshikana. Ngazi hizo ndizo zitakazokueleza ni kiasi gani uviinue vivuli kabla ya kuchapisha. Faili ihaririwe katika biti 16, kwa sababu biti 8 zina viwango 256 tu vya kijivu, na anga laini likirekebishwa sana hukatika mistarimistari. Kwa ukubwa wa A4, pikseli 2480 kwa 3508 zinatosha.

Printa hii ina upungufu wake. Katriji zake zina mililita 25 tu kila moja, na anayechapisha picha kubwa kila wiki angefanya vyema kuitazama ndugu yake, P900, yenye katriji za mililita 50 na upana wa inchi 17. Printa za wino wa pigmenti kwa jumla hazipendi kulala. Zikiachwa kimya kwa wiki nyingi, matundu huweza kuziba, na kuyasafisha hula wino. Mimi huchapisha walau ukurasa mmoja kila wiki, hata kama ni kile kipimo cha ngazi 21. Anayehitaji picha mbili au tatu kwa mwaka sioni kwa nini abebe mzigo huu. Maabara inayochapisha kwa umakini itamfaa zaidi.

Chapa ikitoka, isitiwe chini ya kioo siku hiyohiyo. Mimi huilaza juu ya meza kwa saa 24, nikiwa nimeifunika kwa karatasi nyepesi, ndipo nikaamua kama kivuli cha chini ya kiti cha bibi kinahitaji nuru zaidi kidogo.