Nungunungu wa Umalila na pengwini wa Afrika

Juzi asubuhi huku Umalila, Mbeya, nilikuta matuta mawili ya viazi yamefukuliwa. Kwenye udongo umelala mwiba mmoja, mweusi kwa mweupe, mrefu kuliko penseli. Nungunungu huyo. Ni mamalia wa oda ya Rodentia, yaani wagugunaji, kundi moja na panya na kindi. Kisayansi ni Hystrix africaeaustralis. Kwenye Orodha Nyekundu ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, hana presha, hayumo kabisa kwenye wanaotishiwa kutoweka. Mwenye shamba la viazi hahitaji kuambiwa hilo.

Pengwini wa Afrika, Spheniscus demersus, ni ndege wa baharini, huzaliana Namibia na Afrika Kusini tu. Kwenye orodha hiyo hiyo, mwaka 2024 alipandishwa daraja, ila la msiba: yuko hatarini mno kutoweka, na jozi zinazozaliana hazifiki 10,000. Sadini anaowategemea wamepungua, na hao hao waliobaki anawagombea na wavuvi. Tena zamani watu walikomba hata kinyesi cha ndege kilichorundikana visiwani, alimokuwa akichimba kiota, wakauza mbolea. Sasa wengi hutaga juu ya ardhi tupu, juani.

Nungunungu naye ni mchimbaji, ila shimo lake hakuna anayelitamani.