Iliposoma "hatujambo" ikafunga barua

Nilitaka kuisifu hii programu ya kupanga na kujibu baruapepe, kweli kabisa. Ningeandika miezi michache nyuma ningeipa nyota nne na zaidi, maana ilituokoa kwenye aibu ambayo kila ofisi yenye inboksi moja na watu wanne inaijua: mgeni anauliza bei ya kupanda kwa njia ya Machame siku saba, mimi namjibu, mhasibu naye anamjibu, na bei hazifanani. Sisi ni ofisi ndogo ya kupandisha wageni Kilimanjaro, tupo Moshi. Wageni wetu wengi wanatoka Marekani, na mtu wa California akikaa mezani kwake mchana kutuandikia, huku tumelala fofofo. Asubuhi inboksi imefurika.

Programu ikaanza kuzipanga. Hii ya bei, hii ya tarehe, hii malalamiko, hii fomu ya afya. Inaandaa rasimu, sisi tunapitia na kutuma. Nilifurahi. Bosi alifurahi zaidi, akaamua barua zisizo na cha kushughulikia iwe inazijibu yenyewe na kuziondoa mbele ya macho yetu. Hapo ndipo tulipoharibikiwa.

Kiangazi, kazi zikiwa zimechachamaa, mmoja wa wagumu wetu (ndivyo wapagazi wanavyoitwa mlimani) aliteleza akishuka na mzigo, goti likaumia. Kiongozi wa msafara alitupigia simu akasema kijana kaumia kidogo, karudi kwao Rombo kupumzika. Tukasema sawa.

Baba yake, mwalimu mstaafu, akatuandikia baruapepe kutoka stesheneri. Nimeisoma mara nyingi hadi naijua. Kichwa chake: "Salamu kutoka Rombo." Hamjambo wanangu, poleni na majukumu. Anatushukuru kwa kumpa kijana wake kazi. Anasema baridi imezidi mwaka huu lakini migomba imebeba vizuri. Kisha: "Sisi hatujambo, ila kijana wenu..." Na barua yenyewe inaanzia baada ya hiyo ila. Goti limevimba, daktari anataka apasuliwe, anaomba ofisi ijaze taarifa ya ajali iende Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, kwa sababu mwajiri ndiye anayetakiwa kuipeleka. Alikuwa ameambatisha na picha ya karatasi ya daktari.

Programu ikaipa lebo ya Salamu. Ikamjibu: "Asante sana kwa salamu zako nzuri! Tunakutakia siku njema." Ikaipeleka kwenye hifadhi. Hakuna kati yetu aliyeiona. Siku kadhaa baadaye akaandika tena, akaanza na salamu tena, kama anavyoandika mtu mwenye adabu. Akatakiwa siku njema. Ya tatu, siku njema.

Akapanda gari akaja mwenyewe.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Hamjambo hapa?"

Alikuwa amechapisha yale majibu matatu na kuyakunja kwenye bahasha. Akayapanga juu ya meza yangu, akaniuliza bila ukali wowote: "Mwanangu, nimefundisha Kiswahili zaidi ya miaka thelathini. Nionyeshe nilipokosea kuandika." Nilishindwa kumtazama usoni. Hadi leo nikikumbuka ile bahasha, kifua kinanibana.

Mtu aliyelelewa kwa Kiswahili hahitaji kufundishwa hili. Unampigia mgonjwa simu, anakwambia hajambo. Anayeleta habari za msiba anasalimia kwanza, anauliza watoto. Wewe unasubiri ila, na ikifika unakaa vizuri usikilize. Wageni wetu wa Kiingereza wanatanguliza haja yao, salamu kwao ni neno moja, ndiyo maana huko programu haikosei. Kwetu inaonja mistari mitano ya mwanzo, inaikuta mitamu, inahukumu barua nzima.

Nikawaandikia wauzaji. Sitawataja. Kijana wa huduma kwa wateja akanijibu kwamba kichwa cha barua kilisema salamu, kwa hiyo mfumo ulifanya kazi sawasawa, na kwamba tuwaelekeze wanaotuandikia waweke ombi kwenye mstari wa kwanza. Nilisoma mara mbili. Nimwambie mzee yule asitusalimie? Baba anayeomba msaada wa mwanawe aingie bila kupiga hodi?

Nikitulia nakubali kwamba kosa si la programu peke yake. Sisi ndio tulioiruhusu kujibu bila kutuuliza. Mimi nilisikia "kaumia kidogo" na sikupiga simu Rombo, na hilo halina mashine ndani yake. Tena kwa barua za wageni bado inafanya kazi nzuri, jana tu imenikumbusha familia iliyokuwa inasubiri jibu la njia ya Lemosho. Kwa hiyo mwanzoni niliweka hapa nyota tatu.

Nimezifuta. Walituuzia kwa kusema inajua Kiswahili. Na ile "tunakutakia siku njema" haina hata kosa moja la sarufi, ndiyo maana mzee aliamini kuna mtu ofisini ameisoma barua yake na kuamua kutomjibu kuhusu mtoto. Ingemjibu kwa Kiswahili kibovu angeshtuka mapema, angekuja wiki ya kwanza.

Taarifa ya ajali tuliijaza siku ileile, naye amekaa pale pale. Lakini ng'ombe wake alikuwa ameshauzwa kwa ajili ya matibabu, na kijana bado anatembelea mkongojo.

Ukitaka kununua programu ya namna hii, kabla ya kulipa chukua barua kumi za kweli kutoka kwa wazee, walinzi, mama wa wafanyakazi wako, zilizoandikwa kwa Kiswahili cha kwao, uipe uone inazipeleka wapi. Na usiwashe kabisa ile sehemu ya kujibu yenyewe. Barua za Kiswahili sasa nazisoma mimi, zote, kabla ya chai.

Malipo yetu yanaisha mwisho wa mwezi. Bosi anataka tuendelee. Nilimkatalia, kisha nikamkubalia kwa barua za Kiingereza tu. Leo baada ya kuandika haya, nimemkatalia tena.