TAHADHARI: Muuza baruti "ya jeshi" na risasi za kujaziwa, Tabora hadi Nguruka

Mwangaluka, ndugu zangu wa Tabora mjini, Sikonge, Urambo na Kaliua, pamoja na wenzetu wa upande wa Uvinza.

Kuna mtu anazunguka na mzigo wa baruti na risasi zilizojaziwa upya, yaani maganda yaliyokwisha kutumika yakatiwa baruti na kichwa kingine. Amepita Isevya, amepita Urambo, na huko kote kaacha watu wamelizwa. Anawinda watu wa aina mbili. Wa kwanza ni wenye raifo za kibali ambao bei ya risasi dukani imewashinda. Wa pili ni wazee wa vijijini wenye magobore, wanaolinda mahindi yao dhidi ya nguruwe pori na nyani. Kila kundi analiuzia hadithi yake.

Anaanza kwa adabu. Shikamoo mzee wangu, habari za nyumbani, poleni na jua. Halafu anakutajia kaliba ya bunduki yako, yaani ukubwa wa risasi yake, kabla hujamwambia. Hapo tu ungepaswa kusimama na kujiuliza nani kamwambia kwamba ndani kwako kuna raifo ya .375. Mimi nilikaa naye kwa mama ntilie karibu na stesheni, nikamwacha aongee mpaka chai ikapoa. Akatoa simu, akanionyesha video ya mzee wa Kimarekani aliyekaa gereji kwake na kimashine cha mkono: anavuta mkono, ganda tupu linaingia, risasi inatoka inang'aa. "Unaona mzee wangu? Wenzetu hawanunui dukani. Wanajaza wenyewe kwa baruti ya jeshi iliyobaki vitani. Mimi nimekuletea ileile, haijachakachuliwa."

Sehemu ya hadithi hiyo ni kweli, na ndiyo inayowaponza watu. Marekani, Afrika Kusini na kwingineko, kujaza risasi mwenyewe ni jambo la kawaida kwa wapiga shabaha na wawindaji. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia serikali ya Marekani ilibaki na baruti nyingi, na bwana mmoja aitwaye Bruce Hodgdon akanunua shehena yake, akaigawa na kuwauzia raia kwa bei ya chini. Kampuni iliyotokana na biashara hiyo ipo mpaka leo. Lakini baruti ile ilikuwa na jina, ilijulikana imetoka wapi, ikapimwa, na mnunuzi akapata majedwali ya kumwongoza. Huyu wetu baruti yake iko kwenye chupa ya plastiki ya maji ya lita moja na nusu. Nyingine iko kwenye kopo la maziwa ya unga, na karatasi imebandikwa kwa gundi.

Nieleze kidogo kwa nini hilo kopo ni hatari, maana wapo watakaosema baruti ni baruti tu.

Baruti ya kijeshi haitengenezwi ili kila shehena ifanane na mwenzake. Kiwanda kinatengeneza shehena, kinaipima, kisha kinarekebisha kiasi cha kutia kwenye ganda mpaka risasi ifikie mwendo na mgandamizo unaotakiwa. Shehena ya mwezi ujao inaweza kuwa na kasi nyingine ya kuungua, na kiasi kikabadilika, ingawa jina kwenye pipa ni lilelile. Ile inayouzwa madukani ughaibuni kwa ajili ya raia huchanganywa kwa makusudi ili kopo la leo lilingane na la mwakani. Kwa hiyo mtu akikuletea baruti ya jeshi bila kujua ni shehena gani, hata fundi bingwa kutoka huko kwenye video hawezi kukuambia ni kiasi gani hakitakuumiza. Na .375 H&H hufanya kazi kwenye mgandamizo unaofika bar 4,300 (bar ni kipimo cha mgandamizo). Tairi la lori linajazwa upepo wa bar 7 au 8, na tumeshaona likipasuka linavyomfanya fundi wa pancha. Sasa huo wa bunduki unatokea sentimita chache kutoka kwenye jicho lako.

Mzee mmoja wa Urambo, mkulima wa tumbaku, alikuwa ameshanunua. Akashtuka mapema, kwa sababu risasi mbili alipozitikisa karibu na sikio zilitoa milio tofauti. Akampelekea fundi silaha mwenye leseni, na mimi nikawepo. Fundi alizifungua kwa vifaa vyake. Moja ilikuwa imejaa hadi shingoni. Nyingine haikufika nusu. Ndani ya ganda moja kulikuwa na punje za aina tatu zimechanganyika: vijiti vyembamba, vibapa kama magamba, na vidonge vya mviringo. Hakuna kiwanda kinachofanya hivyo. Huyo bwana amekuwa akifungua risasi za kila namna, za raifo, za shotigani na za vita za kule ng'ambo, akimimina zote kwenye chombo kimoja. Maganda nayo yalikuwa na maandishi tofauti kitakoni, na mawili yalikuwa na ufa shingoni. Fundi akatukataza hata kuyarudisha mfukoni.

Watu wengi wanaogopa ganda lililojaa kupita kiasi. Mimi lile lenye nusu linanitisha zaidi. Ukifyatua, unasikia mlio hafifu, "puh", hakuna teke la maana begani. Unadhani risasi ni mbovu, unalitupa ganda nje, unaingiza nyingine kwa sababu ngiri bado amesimama. Kumbe kichwa cha ile ya kwanza kimekwama katikati ya mtutu, na ya pili inakuja nyuma yake. Mtutu unapasukia mkononi. Ukisikia mlio wa aina hiyo, iwe risasi ya dukani au ya wapi, acha hapohapo. Usifyatue nyingine mpaka fundi aangalie mtutu.

Harufu pia. Baruti isiyo na moshi, yaani hii ya risasi za kisasa, ina umri wake, na joto linaufupisha. Ikianza kuoza hutoa harufu kali ya chachu, inaweza kufanya vumbi la rangi ya kutu, na inaweza kujipasha moto yenyewe mpaka ikawaka bila kiberiti. Hili si la kutunga: meli ya kivita ya Ufaransa, Liberté, ililipuka bandarini Toulon mwezi Septemba 1911 kwa sababu ya baruti iliyoharibika, wakafa watu zaidi ya 200. Miaka minne kabla yake, bandarini hapohapo, Iéna nayo ilikuwa imelipuka. Walikuwa na ghala na wataalamu. Wewe unataka kuiweka uvunguni, chini ya bati, Oktoba ya Tabora?

Na kwenye magobore ndipo anapofanya unyama wenyewe. Gobore ni la baruti nyeusi, ile yenye moshi mzito. Bomba lake, mara nyingi kazi ya mhunzi wa kijijini, limezoea nguvu hiyo. Baruti isiyo na moshi ni kitu kingine kabisa: ikifungiwa ndani ya bomba hupandisha mgandamizo mbali kuliko chuma kile kinavyoweza kubeba. Huyu mtu anawaambia wazee kwamba hii ni "baruti ya kisasa, haitoi moshi, bwana nyama hawezi kukuona ulipo". Anawauzia kwa kipimo cha kijiko. Vijana wenye wazee wenye magobore, pigeni simu nyumbani leo. Msingoje likizo. Mzee hatasoma haya.

Nije kwenye utapeli wa pesa. Anataka advansi ya nusu kwa simu, pamoja na ya kutolea. Baadhi wakituma, namba inazimwa. Wengine wanapelekewa mzigo kweli, na siku chache baadaye inaingia simu ya mtu anayejiita afande: tumekukamata na risasi haramu, kijana wako ametutajia jina, maliza kiutu uzima. Wamelipa. Kwa anaowaumiza, hii ndiyo nguvu yake kubwa, kwa sababu anajua hutakwenda kituoni kulalamika kwamba umetapeliwa kitu ambacho hukuruhusiwa kukinunua.

Na kweli hukuruhusiwa. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inataka risasi zinunuliwe kwa muuzaji mwenye leseni, kwa kibali chako, za kaliba iliyoandikwa kwenye kibali. Kutengeneza risasi bila idhini ni kosa. Baruti nayo ina sheria yake tangu 1963. Kesi za risasi haramu mara nyingi hufunguliwa kama uhujumu uchumi, na ukishafika huko dhamana tu ni safari ndefu. Kuwa na leseni ya kuwinda ya TAWA, mamlaka ya wanyamapori, hakukusaidii kitu hapo. Leseni ni ya mnyama, haihalalishi kilichomo ndani ya bunduki. Hata bunduki yenyewe inaweza kwenda na maji, pamoja na kibali ulichokipigania.

Najua bei ya dukani ni kilio. Sina jibu tamu la hilo. Wenzangu wengi tumepunguza kufyatua: unalenga shabaha kwa risasi chache mwanzoni mwa msimu kuhakikisha darubini haijahama, zilizobaki zinakwenda porini. Wengine wanachanga na kumtuma mmoja dukani na vibali vya kila mtu, lakini waulizeni kwanza polisi na mwenye duka kama wanakubali utaratibu huo.

Kwa aliyekwisha nunua. Usizifungue, usizichome moto, usizitupe chooni wala kisimani, usimpe mtoto akazitupe. Usizijaribu hata moja "kuona kama ni nzima". Ziache zilipo, mbali na moto na jua, funga mlango. Nenda mwenyewe kwa mtendaji wa kijiji au mwenyekiti wa mtaa, kisha mwende pamoja kituoni mkaeleze zilipo, ili waje wenye utaalamu. Usizibebe kwenye bodaboda. Serikali imekuwa ikitoa vipindi vya msamaha kwa wanaosalimisha silaha na risasi kwa hiari. Ulizia kama kipo kilichofunguliwa. Hata kama hakipo, anayekwenda mwenyewe haangaliwi sawa na aliyevunjiwa mlango. Kama unamjua wakili, mshike mkono mwende naye.

Zile jumbe za malipo na namba alizotumia usizifute. Hata kama ameshazima laini, usajili wake una alama ya vidole ya mtu fulani.

Jina analojitaja linabadilika kila wilaya, kwa hiyo sitaliandika, nisije nikamchafua mtu asiyehusika. Mzigo anaubeba kwenye begi la mgongoni chini ya madumu madogo ya asali, na anapenda treni kuliko basi. Kaliua wanasema alipanda kuelekea Kigoma. Walioko Usinge, Nguruka na Uvinza, akifika na shikamoo zake, msibishane naye wala kumshika wenyewe. Ana baruti mgongoni. Mpigieni OCD, mkuu wa polisi wa wilaya.