Kupimisha sodiamu Lubumbashi: damu wanatoa vizuri, karatasi ndiyo shida

Ukiwa na mzazi anayekunywa dawa ya tensio (shinikizo la damu), kuna siku daktari atamwandikia ionogramu, yaani kipimo cha chumvi za damu kama sodiamu, nawe utarudi nyumbani na karatasi yenye Na (sodiamu), K (potasiamu), Cl (kloridi) na tarakimu kando yake. Mama tulimpimisha katika labo moja ya binafsi mjini. Jina silitaji, ila huduma yao sasa naijua.

Kwenye kutoa damu nawapa alama zote. Kijana aliyetupokea alimsalimia mama kwanza, kisha akamuuliza, "Mama, unakunywaka dawa gani?" na akayaandika majibu pembeni ya fomu. Mkono wa kushoto bado ulikuwa na serumu, yale maji ya mshipani, kutoka kituo cha afya cha kwetu Kampemba, chupa nimeishika mimi juu kama taa. Akahamia mkono wa kulia bila kuambiwa. Damu ikitolewa upande unaoingia serumu, alisema, inachanganyika nayo, na namba itakayotoka si ya mgonjwa. Mama alikuwa amekula asubuhi, akaogopa watamrudisha. Kwa sodiamu peke yake si lazima kuja na njaa.

Majibu yalitoka siku ileile. Sodiamu 126 mmol/L, mshale unaotazama chini, na kando yake kiwango cha kawaida, 135 hadi 145. Basi, hakuna neno lingine. Dirishani nikaambiwa, "Munganga (daktari) ndiye atakuelezea." Sawa, labo haitibu. Lakini mgonjwa mwenyewe alikuwa anayumba akitembea na anachanganya majina ya wajukuu, na 126 si namba ya kulaza kwenye mkoba hadi Jumatatu. Mstari mmoja tu, "mwone daktari leo," ungegharimu wino kiasi gani? Hapo nawakata alama.

Nyumbani kila mtu akawa munganga. Mama mdogo alishatoa makayabu, samaki wa chumvi, kwenye maji: chumvi imepungua, basi apewe chumvi! Daktari alipoiona karatasi jioni alitikisa kichwa. Namba ile, alieleza, haihesabu chumvi mtu aliyokula. Inaonyesha sodiamu ilivyo ikilinganishwa na maji kwenye damu, na mara nyingi inaposhuka ni maji yaliyozidi. Kwa mama mambo mawili yalikutana. Dawa yake ya tensio, hidroklorotiazidi, inawafanya figo kutoa sodiamu kwenye mkojo, na wazee ndio inaowapata zaidi. Halafu joto la mwezi wa kumi, na sisi wote tunamsukumia vikombe vya maji.

Alipima pia sukari, kwa kuwa sukari ikipanda sana huvuta maji kuingia kwenye damu na kuishusha namba ya sodiamu. Yake ilikuwa nzuri. Akamsimamishia dawa ile, akampa ya aina nyingine, akapunguza maji, na akamlaza ili wamwangalie. Nilitaka wampandishe sodiamu haraka, akakataa katakata: sodiamu iliyoshuka kwa siku nyingi ikipandishwa kwa kasi inaweza kuharibu ubongo, ndiyo maana hawataki ipande zaidi ya 8 hadi 10 mmol/L kwa saa 24. Kwa hiyo mambo ya kukoroga chumvi nyumbani na kumnywesha mzee kwa nguvu, acheni kabisa. Na dawa ya tensio msiisimamishe wenyewe.

Tulirudi labo ileile kupima tena. Ilitoka 131, baadaye 136, na mama akaanza kutugombeza kwa majina yetu sahihi. Kurudi palepale kuna maana yake: labo nyingine huandika kawaida kuanzia 136, nyingine 135, na mashine hazitoi namba sawasawa. Tofauti ya namba moja au mbili isikuamshe usiku. Ukikuta mEq/L badala ya mmol/L, kwa sodiamu tarakimu haibadiliki.

Nitarudi? Ndiyo, kwa ajili ya mikono ya yule kijana. Ukienda, beba maboksi yote ya dawa za mgonjwa, hata zile alizonunua sokoni bila kukuambia, na omba karatasi ya majibu wakupigie picha kwa WhatsApp kabla hujatoka dirishani, maana ile ya kwetu ya kwanza ililowa mvua.