Saa ya Omega Constellation ya 1966: mwaka na miezi minne mkononi, haya ndo nimeyaona

Ngoja niseme ukweli kwanza, hii ni ya pili, ya kwanza nilipigwa. Niliinunua kwenye soko la Jumamosi hapa London, babu mmoja ana meza yake na kitambaa cheusi, saa inang'aa utadhani imetoka dukani jana na mimi ndo nikajiona nimeokota dhahabu, kumbe saa ya miaka 60 ikiwa na uso mpyaaa ujue kuna mtu kaupaka rangi. Fundi aliweka lenzi sekunde mbili tu akacheka, maandishi yamevimba na mistari ya dakika haikai sawa na alama za saa. Kwisha.

Sasa hii, modeli namba 168.005 ya chuma, nilitoa pauni 640 na uso wake una madoadoa kama ngozi ya mzee lakini ni wa kiwandani. Hapo ndo utamu ulipo jamani, uso una pembe 12 umeinama kingoni kama sahani ya bati iliyofudikizwa, ukigeuza mkono mwanga unahama pembe moja baada ya nyingine, mi kwenye treni nafanya hivyo hadi watu wananiangalia. Kwenye mfuniko wa nyuma kuna mchoro wa jengo la kutazamia nyota na nyota nane juu yake. Kama mchoro umelainika kama sabuni ujue saa imesuguliwa sana, achana nayo. Kioo ni plastiki, ukimulika vizuri unaona kialama kidogo sana cha Omega katikati, na mikwaruzo inatoka kwa dawa ya meno, sitanii.

Ndani ni mashine ya aina ya 561, rangi kama shaba, namba ya kiwandani iliyochongwa juu yake inaanzia milioni 24 ndo maana nasema 1966 au hapo hapo. Ni otomatiki, inajijaza ukitembea, nikiivua Ijumaa jioni Jumapili asubuhi bado inatembea. Kwa siku inakimbia mbele sekunde 6 hivi, kwa umri huo mi sina neno. Tarehe lakini, kuibadilisha utazungusha mishale mbele nyuma mbele nyuma mpaka uchoke.

Maji usijaribu, hata kunawa kwa ajili ya swala naivua. Na weka hela ya fundi pembeni, mimi nimelipa pauni 280 na nikasubiri miezi mitatu.

Hizi sio Rolex zenye nembo ya jambia alizoagiza Sultan Qaboos wa Oman kugawia watu, zile bei yake unauza kiwanja. Ila kwa anayeanza mi naona ni bora hii kuliko saa mpya ya bei hiyo hiyo, mradi muuzaji akubali kufungua mfuniko mbele yako. Akianza maneno mengi, muage.

Ile iliyopakwa rangi bado iko kwenye droo, shemeji yangu anaililia kila akija.